Mbuzi wanalala kwenye pango lenye michoro ya kale na shamba liko chini yake, nianzie wapi?

Mlimani_Irangi

Habari za humu wakuu. Naomba mawazo yenu, samahani itakua ndefu kidogo maana jambo lenyewe linaniumiza na sijui nimwambie nani.

Sisi ni wa Kondoa, upande wa milima ya Irangi. Mzee ana shamba kama eka sita chini ya mlima, na juu ya shamba kuna mwamba mkubwa umeinama kama baraza ya nyumba, sisi tunaita pango japo sio pango la kuingia ndani sana. Humo ukutani kuna michoro. Twiga wawili wekundu, watu wembamba warefu wamepangana, na kwa chini kuna vitu vyeupe vinenevinene ambavyo sijawahi kujua ni nini. Tangu nazaliwa mbuzi wetu wanalala humo, mvua haiwapati, chui walikua hawasogei, ni sehemu nzuri kwa mbuzi. Na kila mwaka kabla ya mvua mzee anachukua beleshi anakwangua samadi anapeleka shambani, ndo mbolea yetu hiyo.

Mwaka huu kiuno kimemkamata kaniachia kazi. Nikawa nakwangua, nakwangua, mpaka nikaona hii ninayochota sio samadi tena, ni udongo wa kijivu laini kama majivu. Humo ikatoka shanga moja ndogo nyeupe imechongwa duara ina tundu katikati, nyembamba kama dengu iliyopasuliwa. Nikashuka shambani kwenye matuta ya mwaka jana nikaanza kuangalia chini kwa makini, kitu ambacho sijawahi kufanya kwa miaka yote niliyolima pale, nikaokota zingine nne na vipande vingi vya jiwe jeupe linalong'aa vyenye makali pembeni. Yaani miaka yote tumekua tunalimwaga pango shambani na hatujui.

Nikarudi juu nikaangalia ukuta. Kuna mstari unang'aa, uko usawa wa mgongo wa mbuzi, jiwe limekua laini kama limepakwa mafuta na nywele za mbuzi zimenasa kwenye mikwaruzo. Miguu ya twiga mmoja inaishia pale pale kwenye mstari. Wakuu miguu ilikuwepo, nikiwa darasa la pili nilikua naihesabu.

Sasa maswali yangu. Mbuzi nawatoa, hilo nimeamua, ila samadi iliyobaki nifanyeje? Msimu huu tulipanga kukodi trekta tulime alizeti shamba zima mpaka kwenye shina la mwamba, je ni sawa? Maji ya mlimani yanashuka kwa nguvu na korongo limeanza kujichimba pembeni ya shamba, nilitaka kuchimba makinga maji. Na la mwisho, nikienda kuripoti tutanyang'anywa shamba? Mzee anaogopa hilo kuliko yote.

---

Jiwe_Halisemi

Mkuu kwanza hongera sana kwa kuinama ukaangalia chini. Mimi nilisoma akiolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huko kwenu nimetembea na hicho ulichoandika nakijua.

Hizo shanga kwa maelezo yako ni za ganda la yai la mbuni. Na vipande vya jiwe jeupe ni kwatzi, hayo ni mabaki ya watu waliokua wanatengeneza zana za mawe wakiwa wamekaa hapo hapo mbuzi wako walipolala. Kuna pango linaitwa Kisese II hukohuko Kondoa, lilichimbwa na mwanaakiolojia Ray Inskeep mwaka 1956, udongo wake ulikua na kina cha karibu mita 6, na shanga za ganda la mbuni zilizotoka mle zilipopimwa baadae zikaonekana zimeanza zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Sisemi zako zina umri huo, kuna zilizotengenezwa mpaka karne za karibuni. Nataka tu uelewe kwamba sakafu ya pango sio uchafu wa kufagia. Pale udongo umejipanga tabaka kwa tabaka, la chini ndio la zamani, na shanga ikitoka kwenye tabaka lake ikaenda kwenye tuta la mahindi inabaki shanga tu, haisemi tena ilivaliwa lini wala pamoja na nini.

Kwa hiyo beleshi liweke chini kuanzia leo. Samadi iliyobaki iache ilivyo mpaka mtu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayosimamia vitu kama hivi, aje aone, maana hata hilo tabaka la samadi sasa hivi ndo blanketi linalofunika udongo wa chini. Ila moto usisogezwe pale kabisa, samadi kavu ikishika moto inaungua chini kwa chini siku nyingi na mwamba ukipata joto unabanduka maganda, na ganda likidondoka linaondoka na mchoro wake.

Kuhusu ule mstari wa mafuta, usiusugue. Usioshe, usipake kitu, usichore upya ile miguu kwa chaki hata kama roho inakuuma. Kuna watu wana tabia ya kumwagia maji michoro ili rangi ionekane vizuri kwenye picha, wakija wakatalie, maji yanaleta chumvi za ndani ya jiwe juu na zikikauka zinaacha utando mweupe juu ya rangi.

Na vile vyeupe vya chini usividharau. Vyekundu ni vya wawindaji wa zamani, ndugu zetu Wasandawe na Wahadzabe ndio wanaohusishwa navyo, vyeupe mara nyingi vimechorwa juu ya vyekundu na vinahusishwa na wakulima waliokuja baadae. Una vitabu viwili ukutani.

---

MamaAlizeti_Dodoma

Mwanangu pole na hongera. Mimi ni afisa ugani mstaafu, ya michoro nawaachia wenyewe, mimi nakujibu ya jembe.

Trekta hapana. Yaani sio shamba zima, ila ile sehemu ya juu ulikookota vitu. Plau ya diski inaingia sentimita 20 mpaka 30 na inageuza udongo juu chini, kila kitu kilichokaa mahali pake kinahamishwa, na mwaka unaofuata dereva mwingine anaingia zaidi kwa sababu udongo umeshalainika. Jembe la mkono linakwaruza juu juu. Fanya hivi, chukua siku moja tembea taratibu kuanzia kwenye mwamba ukishuka, chomeka vijiti pale unapoona mawe yenye makali au vigae au shanga. Vijiti vikianza kuisha ndo mpaka wako. Juu ya mpaka usiguse kwa plau, chini ya mpaka lima alizeti yako kwa amani.

Hiyo sehemu ya juu usiiache tupu pia, udongo mtupu Kondoa unaondoka na mvua moja. Iache iote nyasi za asili, ukitaka majani ya mifugo kata kwa fyekeo ubebe upeleke bandani. Ukishindwa kabisa kuacha bila kulima basi panda bila kutifua, unafyeka, unaacha mabua juu, unachoma vishimo vidogo kwa kijiti unadondosha mbegu za kunde au mbaazi. Lakini kwa ushauri wangu ni nyasi.

Makinga maji sasa, hapa ndo watu wengi wanakosea wakiwa na nia nzuri kabisa. Fanya juu tunayofundisha ni mtaro wa kama sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, sasa ukiupitisha huo kwenye eneo la vijiti vyako umechimba kuliko hata trekta. Juu ya mpaka tumia mistari ya mawe au majani kufuata kontua, yaani usawa mmoja wa mteremko, unapima kwa fremu A ya miti mitatu na kamba yenye jiwe, mawe unayapanga juu ya ardhi bila kuchimba, maji yanapungua kasi na mchanga unabaki. Mawe yenyewe okota shambani chini, usibomoe rundo lolote la mawe lililokaa kwa mpango maana yaweza kuwa kaburi au ukuta wa watu wa zamani. Fanya juu zako chimba chini ya mpaka. Korongo nalo usilijaze udongo, utakua unajaza kila mwaka. Anzia kichwani mwake, laza matawi na mawe kukatiza, vizuizi vidogo vingi kuliko kimoja kikubwa, na pembeni panda vetiva au majani ya tembo.

Wazee wa huko wanajua nnachosema. Mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973 kwa sababu makorongo yalikua yanameza mashamba, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa yote kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na vichaka vikarudi vyenyewe. Nimefanya kazi kwenye vile vilima, nimeona kwa macho yangu kilima kilichokua chekundu kimerudi kijani. Ardhi ukiipunguzia kwato inajua la kufanya.

---

Kwato_Nne

Mama na heshima zote, lakini kila siku ni mfugaji ndo aondoke. Mtu ana mbuzi ishirini, pango ndo banda lake, hana mabati. Kuambiwa toa ni rahisi, atawaweka wapi?

---

MamaAlizeti_Dodoma

Uko sawa kabisa, na sikatai. Kuondoa mbuzi bila kuwapa pa kulala ni kuwarudisha mwezi ujao. Banda la mbuzi ishirini halihitaji mabati, nguzo na fito na nyasi inatosha, sakafu iinuliwe kama mita moja kwa mbao au fito zenye nafasi samadi idondoke chini, anaweka chini ya shamba karibu na nyumba. Na mbolea atapata safi zaidi kuliko ya pangoni, haina mawe haina vumbi. Nguzo tu asikate kwenye ile miti iliyo mbele ya mwamba.

---

Jiwe_Halisemi

Naunga mkono hilo la miti. Miti iliyo mbele ya pango ndiyo inazuia jua kali la jioni na upepo wenye mchanga usipige michoro. Tawi linalogusa ukuta unalipunguza, basi. Na mizizi iliyoingia kwenye ufa wa mwamba usiing'oe, kata shina kwa msumeno iachie ioze yenyewe, ukivuta unakuja na jiwe.

---

Nyar_Migori

Salamu kutoka Kenya, nimefika huku kwa ajili ya hii mada tu. Mimi nimeolewa karibu na Thimlich Ohinga, Migori, ile maboma ya mawe yaliyojengwa bila simiti wala udongo, kuta zingine zinafika mita 4, iliingizwa kwa urithi wa dunia mwaka 2018. Huko shida yetu na yenu ni moja, ng'ombe na mbuzi wakipanda ukuta jiwe moja linaanguka na kwa sababu hakuna kitu kinashikilia, jiwe moja linavuta mengine kumi. Alafu miti, ukiacha ikue ndani ya ukuta inausukuma, ukiikata yote ghafla udongo unalegea. Inataka mtu wa kuangalia kila wakati sio siku ya wageni pekee.

Nataka kuongea juu ya fensi. Ndugu usiweke fensi karibu na mwamba. Wanyama hutembea kando ya fensi wakitafuta mahali pa kuingia, wanachimba njia kabisa, na hiyo njia ndio maji hupitia mvua ikija. Weka mbali, angalau hatua ishirini thelathini kutoka pale maji ya paa la mwamba yanadondokea, na usitumie miiba mikavu kwa sababu ya moto. Panda ua hai, minyaa ama mkonge, na mashimo ya kupandia yawe nje ya hiyo mpaka mama amesema ya vijiti. Na uache mlango. Mahali pamefungwa kabisa bila mlango watu hukata.

---

Mzee_wa_Uwele

Assalaam aleikum wajukuu. Mjukuu wangu ndiye ananichapia haya.

Nimesoma maneno ya mjukuu wa Mlimani nikamkumbuka baba yangu. Zamani hizo sehemu mtu hakwenda kukata mti hovyo. Mongomi wa Kolo, pango la michoro hukohuko Kondoa, mpaka leo watu wanakwenda kuomba mvua na kuombea wagonjwa, na ule msitu ulibaki kwa sababu ya hofu ya kule, sio kwa sababu ya bango. Kuna mwaka nilikuwa kijana ng'ombe waliambiwa watoke, tuliumia, nyumba nyingi zilikaa bila maziwa, lakini nakiri chemchemi zilirudi.

Ninachokuomba mjukuu, kabla hujapanda huo ua, waulize wazee wa kijiji chenu kama pango lenu lina mwenyewe. Yawezekana kuna mtu anapeleka tambiko pale mara moja kwa mwaka na baba yako anajua ila hajakwambia. Ukimfungia atabomoa, ukimpa mlango atakusaidia kulinda. Na hao wenye tambiko nao mzungumze nao kwa adabu, pombe na mafuta wasirushe ukutani, waweke chini mbele.

La pili, jihadhari na watu wa hazina. Watakuja, kama hawajaja. Wanasema michoro ni ramani, Mjerumani alificha dhahabu chini yake. Wanakuja usiku na sururu, wanachimba shimo la kimo cha mtu, hawapati kitu, wanaondoka. Mashimo hayo nimeyaona kwa macho kwenye mapango mengi.

---

Mlimani_Irangi

Shkamoo babu. Wameshakuja. Miezi miwili iliyopita walikuja wanaume watatu na pikipiki wakamwambia mzee wanampa laki moja wachimbe wao wenyewe, mzee akakataa kwa sababu ya mbuzi tu, hakujua. Nimewaza wangekuta hamna mbuzi ingekuaje.

---

Jiwe_Halisemi

Hao wakirudi piga simu kwa mtendaji hapohapo. Mjerumani kaja nchi hii miaka ya 1880 na kaondoka kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, hiyo michoro ilikuwepo muda mrefu sana kabla yake, hawezi kuwa ndiye aliyeichora kama ramani. Mwambie mzee hivyohivyo, na waambie na vijana wa jirani. Kuchimba mabaki ya kale bila leseni ni kosa kisheria, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa nayo popote vilipo, hata kwenye shamba la mtu.

Na hapo ndo najibu swali la mzee la kunyang'anywa. Kulindwa kwa michoro hakumaanishi eka sita zinachukuliwa. Eneo la michoro ya Kondoa liliingia urithi wa dunia mwaka 2006 likiwa na mapango zaidi ya 150 kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na humo ndani watu wanaishi, wanalima, wanafuga nyuki, wana misikiti na shule. Kama serikali ingetaka kumtoa kila mtu mwenye pango Kondoa ingekua tupu. Kinachobadilika ni matumizi ya ule ukanda wa juu. Mnachoweza kufanya nyie wenyewe ni kupeleka hoja kwenye serikali ya kijiji, kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi ule ukanda uandikwe kama eneo la urithi, na kijiji kitunge sheria ndogo, hakuna kuchimba, hakuna kuchoma mkaa, hakuna kulaza mifugo, hakuna kuchota mchanga. Ikiwa imeandikwa na kijiji jirani yako ataiheshimu kuliko ikitoka kwako peke yako, na hao wa pikipiki hawatakua na wa kumpa laki.

Kuripoti anza na mtendaji wa kijiji, alafu Kolo kuna ofisi ya Mambo ya Kale, nenda na picha za simu. Piga picha ukuta mzima kwanza, alafu karibu, weka kiberiti pembeni cha kuonyesha ukubwa ila kisiguse mchoro. Na upige tena kila mwaka mwezi uleule ukiwa umesimama palepale, mwaka wa tatu utaona mwenyewe kama kuna kinachofifia.

---

Asali_Mbichi

Naongeza dogo, kwenye ule ukanda wa juu utakaoacha nyasi na miti weka mizinga. Mimi nina mizinga kwenye mazingira kama hayo na sijutii, eneo halilimwi lakini linaingiza hela, na mtu mwenye sururu hapendi kusogea penye nyuki. Ila mizinga itundikwe kwenye miti mbali na mwamba, na ukirina usipitishe moshi wa kienge pangoni. Wakianza kujenga ndani ya ufa wa mwamba kuna watu watakuja kuwachoma usiku wapate asali, hapo umepoteza ukuta kwa masizi.

---

Mlimani_Irangi

Wakuu nimerudi na majibu, sijui niwashukuru vipi.

Mzee nimemsomea mada yote jana baada ya magharibi, maneno ya babu wa uwele kayarudia mara mbili. Kumbe kweli pango lina mwenyewe, kuna bibi wa ukoo mwingine anakuja na unga wa mtama kila mvua zikichelewa, mzee alikua anatoa mbuzi asubuhi ile anampisha na wala hatukuwahi kuambiwa. Tutamtafuta wiki hii.

Vijiti nimechomeka, mpaka umekuja kama hatua hamsini chini ya mwamba, ni kama eka moja kasoro. Mzee kakubali iwe nyasi. Trekta litalima kuanzia mkorosho kushuka. Banda la mbuzi tumeanza kuchimba nguzo karibu na nyumba, mbuzi kwa sasa wamefungwa chini ya mwembe na usiku wa kwanza walilia mpaka alfajiri, jike moja lilikata kamba likarudi pangoni nikalikuta limelala palepale limejiegemeza ukutani.

Swali moja la mwisho. Zile shanga ninazo kwenye kopo la dawa, zimefika 11 sasa na mawe kama kofia moja. Nizirudishe pangoni nizifukie?

---

Jiwe_Halisemi

Usizifukie. Zikirudi kwenye udongo wa pango mtu atakayekuja kuchimba kitaalamu atadhani zimekaa hapo tangu mwanzo, utakua umempotosha bila kukusudia. Chukua bahasha au karatasi za daftari, kila ulichookota sehemu moja kiweke pamoja, andika kwa penseli sio peni, tarehe, umeokota wapi, hatua ngapi kutoka kwenye mwamba na upande gani. Ile ya kwanza uliyoikwangua pangoni iweke peke yake, hiyo ndo ina maelezo mengi kuliko zote, jaribu kukumbuka beleshi lilikua limefika kina gani na uandike. Usizioshe. Ukienda Kolo nenda nazo wakaziandikishe, na kuanzia sasa ukiona nyingine shambani piga picha, chomeka kijiti, iache ilipo.

Na yule jike mpe siku nne tano, atazoea. Ziba njia yake kwa matawi ya mnyaa usiku.

---

Mlimani_Irangi

Sawa mkuu. Penseli ninayo, bahasha nitanunua gulioni Jumatano. Ile ya kwanza nakumbuka, beleshi lilikua limezama mpaka nusu ya bati lake, karibu na kona ya kushoto chini ya twiga asiye na miguu. Naandika sasa hivi kabla sijasahau.